Hotuba ya Sponji

Katika nyumba yetu mmoja kazi yake ni kuita wageni, mwingine kazi yake ni kuwazuia, na usiku wote wawili hulala kitanda kimoja. Anayeita ni kaka yangu, mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu kabisa na lango la hifadhi. Anayezuia ni mke wake, wifi yangu, mhifadhi mwenye kofia ya kijani, buti na filimbi shingoni. Mimi nipo katikati yao, asubuhi mapokezi na siku nzima jikoni. Mgeni akiniuliza kama wifi ipo, nikiwa nimechoka humjibu kwamba yupo, ila kwa sasa yuko mlimani na hashikiki.

Wifi yangu ana tabia nyingi njema, na moja inayozifunika zote: anapenda kueleza. Juu mlimani, mwendo mfupi kutoka mahali barabara inapoishia, kuna bonde la majimaji lililofunikwa na majani laini ambayo sisi sote huyaita sponji, maana ukiyakanyaga hutoa maji, na ukiondoa mguu hubaki shimo. Wifi anaipenda sponji ile kama watu wengine wanavyopenda mpira. Kila kundi linapoingia langoni, kazi yake inamtaka awape maneno machache: msitupe takataka, msitoke njiani, msiwalishe nyani. Yeye huanzia hapo, akaingia kwenye sponji, akashuka kwenye mizizi, akafika enzi ambazo mlima ulikuwa bado unatema moto, na anapogeuka kutoka kuonyesha kilele hukuta amebaki na mzee mmoja anayefunga kamba za viatu.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Alikuwa akisema tu, "Mnajua sponji ile...", kaka anakumbuka jenereta, Mama anakumbuka dawa zake za macho, na mimi nakumbuka vyombo. Watu husema mimi ni mvivu. Wangeliona karai langu wakati wa hotuba ile wasingesema hivyo.

Sasa ndani ya bonde lile kulikuwa na mmea. Zamani ilikuwa mingi, mirefu kuliko mtu, yenye majani manene yaliyojikunja juu ya shina kama kabichi. Mmea huo huishi miaka na miaka bila kutoa ua hata moja, halafu mwaka mmoja husimamisha mkuki wa maua, humwaga mbegu zake, basi, unakufa. Wageni waligundua kwamba mtu akisimama kando yake anatoka vizuri kwenye picha. Wakatoka njiani kidogo, halafu wakatoka zaidi, kwa sababu hakuna aliyepanda mlima ili apigwe picha kwa mbali. Sponji ikakanyagwa ikawa tope, mizizi ikakaa wazi, mimea ikaanguka mmoja mmoja. Ukabaki mmoja tu, katikati kabisa, mahali ambapo hata wapiga picha waliogopa kuzama. Wifi aliuita Mwali. Aliukuta pale alipokuja kuolewa kwetu, na tangu hapo aliupitia kila siku ya kazi kama mtu anavyompitia jirani.

Mchana mmoja alishuka akaja moja kwa moja jikoni, akaketi bila kuvua kofia.

"Wifi, Mwali unachanua. Mkuki umeanza kutoka."

"Hongera," nikasema, huku namenya vitunguu.

"Hongera ya nini? Mkuki ukisimama utaonekana mpaka barabarani. Watauvamia kama nzige. Na mbegu zake hazioti popote ila kwenye sponji ambayo haijakanyagwa. Mwali ukifa bila mbegu kushika, ukoo wote umekwisha. Hakuna mwingine."

Nilitaka kukumbuka vyombo, lakini siku hiyo uso wake ulinizuia.

Alikwisha kwenda kwa mkuu wa hifadhi. Mkuu ni mtu wa heshima, na ofisini kwake kuna bango kubwa lenye maneno "Tuutunze Mlima Wetu", na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, "Karibuni Wengi Zaidi". Sijawahi kusikia kwamba bango hilo limemnyima usingizi. Alimsikiliza wifi kwa makini mpaka simu yake ilipolia, kisha akatoa kamba na kibao kilichoandikwa MARUFUKU KUPITA HAPA. Wageni ambao hawakujua kama pale kuna kitu, sasa wakajua. Walijipiga picha na kibao, halafu wakavuka kamba kwenda kuona walichokatazwa. Kaka aliniambia kwa siri kwamba kibao kile kilikuwa tangazo bora kuliko yote aliyowahi kuyalipia.

Ndipo wifi alipofanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu kama yeye. Alimwita Mzee Chumvi.

Lazima nieleze hapa waongozaji wa mlima wetu wanavyofanya kazi. Mgeni hutoa bahasha nzuri akiwa ameguswa moyo, na moyo hauguswi na mawe. Kwa hiyo kila pumziko lazima liwe na kisa. Pale kwenye kona ya kwanza kuna Jiwe la Machozi, ambapo binti wa mfalme alimlilia mchumba wake mpaka jiwe likaota ufa. Jiwe lile lilisukumwa pale na greda wakati barabara inatengenezwa, na dereva wa greda yuko hai, anauza matairi. Kisa alikitunga Mzee Chumvi, kama alivyovitunga karibu vyote, na ndiyo maana ya jina lake. Kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu mjini kwetu anaifuata: ukimkuta mwenzako anatia chumvi mbele ya wageni, huonji. Unatikisa kichwa kwa huzuni, unapita. Hata wifi, ambaye uongo humwasha mwili kama upupu, akipita pale hung'ata midomo na kukaza mwendo.

"Mzee," alimwambia Chumvi alipokwisha kuketi na kikombe chake, "nataka unitungie uongo."

Chumvi aliweka kikombe chini polepole. Nadhani hajawahi kuheshimiwa kiasi kile na mtu aliyevaa sare.

"Wa kuvuta watu au wa kufukuza?"

"Wa kufukuza."

"Afande, huo ni mgumu. Miaka yote mimi nimefanya kazi upande mmoja tu."

"Jaribu. Wape mkosi. Sema anayeusogelea Mwali anapatwa na jambo."

"Jambo gani? Ugonjwa, watameza vidonge. Kifo, hawa hawakiogopi, wangekuwa wanakiogopa wangebaki ufukweni." Akatazama dari, mahali ambapo nadhani huweka mali yake. "Wengi wanakuja wawili wawili, sivyo?"

"Wengi ni maharusi," nikasema. Mashuka nayafua mimi.

"Basi tumemaliza. Atakayeusogelea mmea ule akautazama, ndoa yake haifiki mwaka. Na uchumba pia, tusije tukawaacha hao."

Wifi alikunja uso kama aliyemeza limau. Mtu wa kusema kweli akiazima uongo hajui hata aushike wapi. Lakini alitikisa kichwa kukubali, na Chumvi akaondoka anatembea kama bwana harusi.

Mwanzoni uongo ulifanya kazi vizuri mno. Maharusi walipofika penye kamba waliinamisha macho na kupita wakiwa wameshikana mikono, mmoja hata alimfumba mkewe macho kwa kofia. Sponji ikaanza kuinuka. Wifi akarudi nyumbani akiimba, na mimi nikamwambia ukweli una faida zake lakini hauna miguu.

Nilisema mapema. Habari zikaenda mjini, na mjini kuna watu wa kila namna. Wakaanza kuja wachumba waliotaka kupima: tukiutazama na tusiachane, mapenzi yetu ni ya kweli. Wakaja waliooana zamani waliotaka kuwaonyesha majirani kwamba wao ni chuma. Halafu, na hawa ndio walionishangaza, wakaja waliotaka kuachana. Walikuwa watu wapole, wenye adabu, waliochoka. Mwanamke mmoja alimvuta mumewe mlimani kwa furaha ambayo nadhani mume hakuwa ameiona tangu siku ya harusi. Kaka yangu, ambaye akili yake ya biashara haijawahi kulala, aligeuza chumba cha mwisho kikawa na vitanda viwili vilivyotenganishwa na kabati. Kilikuwa kimejaa kila siku. Wote hao walivuka kamba, maana uongo wa Chumvi ulisema kuusogelea na kuutazama, na watu walikuwa wamelipa wapate mkosi kamili.

Mkuki wa Mwali ulikuwa umesimama sasa, unamzidi mtu mrefu, maua bado yamefumba. Mashimo ya viatu yalikuwa yameufikia. Wifi alianza kwenda kazini kabla ya chai na kurudi sauti imemkauka kwa filimbi na kelele.

Hayo yote Mama hakuwa anayajua. Mama yetu ni mjane, hukaa verandani kwenye kiti chake akichambua mboga na kupokea salamu. Amezaliwa chini ya mlima ule na hajawahi kuupanda. Husema anayetaka ukungu asubiri, utashuka wenyewe. Visa vya Chumvi anavijua vyote ni uongo, kwa sababu alimjua Chumvi tangu utotoni, alipokuwa akidai shule imeungua. Lakini kisa hiki hakukipata kwa Chumvi. Alikipata kwa mgeni, mwanamke wa mjini, mtu wa benki, aliyevaa miwani.

"Shikamoo, Mama. Eti ni kweli hapa kwenu kuna mmea unaovunja ndoa? Mimi na mwenzangu tulikwenda kuutazama jana, na tangu jana hatusemezani."

Hapo ndipo mji wetu hukosea, na hukosea hivyo hivyo kila mara. Uongo tukiuuza wenyewe tunajua ni uongo. Ukienda ukarudi na mgeni, umevaa miwani, tunasimama tukauamkia.

Mama aliweka mboga chini akamwita kaka, nami nikaja nyuma yake na taulo mkononi.

"Mwanangu, mkeo anautazama mmea ule kila siku iliyoumbwa na Mungu. Sasa ndiyo nimeelewa. Nilikuwa najiuliza kwa nini mke akifungua mdomo mezani, mume ananyanyuka. Nikasema labda ni jenereta. Kumbe siyo jenereta."

"Mama," nikasema, "mimi ndoa ilinishinda bila kuona mmea wowote."

"Wewe nyamaza. Wewe ulishindwa na mdomo."

Tulimleta Chumvi mwenyewe akiri. Alisimama mbele ya kiti cha Mama, kofia mkononi, akasema yote yalikuwa maneno yake, aliyatunga jikoni kwetu na ushahidi upo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Chumvi, wewe tangu lini umesema kweli?"

"Tangu lini, hapana. Lakini leo..."

"Basi kama wewe unasema ni uongo, mimi najua ni kweli. Nenda salama."

Kaka yangu ni mkali kwa mabomba yaliyoziba, si kwa Mama. Jioni hiyo alimwambia wifi, mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatwa, kwamba ingekuwa vizuri aombe kuhamia dirisha la tiketi kule chini. Mama hatapata amani vinginevyo.

"Msimu ukiisha," wifi akasema. "Msimu ukiisha Mwali utakuwa umekufa, na mimi nitakaa hata bafuni mkitaka. Nikiondoka sasa utakufa bure."

"Mama anataka sasa."

"Na wewe unataka nini?"

Kaka alikumbuka jenereta.

Asubuhi Mama alitoka chumbani amefunga kichwa vizuri, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikijua. Lilikuwa panga langu la kukatia nyasi za uani.

"Nipeleke juu," akamwambia kaka. "Mimi sina ndoa ya kuvunjwa. Acha nikautazame uso kwa uso, halafu nikaukate."

Nilipanda nao garini kwa sababu sikuamini kwamba kaka atamzuia, na sikukosea. Gari lilitufikisha barabara inapoishia. Sehemu iliyobaki Mama aliipanda kwa fimbo na kinyongo, panga limeshatolewa kitambaani, akisimama kila kona kuvuta pumzi, akikataa mkono wa mtu. Pale kwenye Jiwe la Machozi Chumvi alikuwa na kundi lake, analia tayari. Alipoliona lile panga akasahau mfalme alikuwa nani, akatufuata, na kundi likamfuata yeye.

Kwenye bonde hali ilikuwa mbaya. Kamba ilikuwa imelala chini kwenye tope. Watu walikuwa wengi, simu juu, wengine wamevua viatu tayari kuingia. Katikati ya ukijani ule Mwali ulikuwa umesimama, mkuki wake umeanza kupasua rangi ya samawati huku chini. Na mbele yao wote alikuwa wifi yangu peke yake, filimbi mdomoni, ambayo hakuna aliyeisikia. Kisha akamwona mama mkwe wake anakuja na panga.

Nilidhani atapiga magoti. Nilidhani atapiga kelele. Aliiachia filimbi ikaning'inia, akavua kofia, na kilichomtoka ni kitu pekee ambacho mtu yule amekuwa nacho siku zote.

"Karibuni," akasema. "Kabla hamjaingia nitawaeleza hii ni nini. Tuanze na sponji."

Na akaanza, tena akaanza mwanzo kabisa. Alieleza kwamba kila jani lile dogo ni kama pipa, kwamba hunywa ukungu, kwamba huinuka kwa unene wa ukucha tu katika muda ambao mtoto anazaliwa mpaka anaota meno. Watu walishusha simu kwa adabu. Akaingia kwenye aina za sponji, na ziko nyingi. Waliovua viatu wakaanza kuvivaa. Alipofika kwenye tindikali ya udongo, wachumba wawili wakakumbuka kwamba wana njaa. Akaendelea, sauti imemkauka, macho kwenye lile panga, hakumwachia mtu hata upenyo wa kuuliza swali. Wakaanza kurudi nyuma hatua moja moja kama watu wanaotoka msibani mapema, wakitabasamu, wakionyeshana kilele upande wa pili. Chumvi aliwakusanya watu wake akasema kule chini kuna jiwe. Kaka alitazama simu yake, ambayo haina mtandao kule, akasema anakwenda kuangalia kama gari limefungwa. Mimi nilitafuta vyombo kwa macho. Mlimani hakuna vyombo.

Bonde likabaki tupu. Sijawahi kulisikia likiwa kimya hivyo, maji yalikuwa yanalia chini ya majani.

Kaka alirudi akakuta hakuna mtu, akapasuka kicheko.

"Mke wangu! Kumbe dawa tulikuwa nayo ndani ya nyumba! Kamba imeshindwa, kibao kimeshindwa, Chumvi ameshindwa. Wewe unafungua mdomo tu, watu kwisha! Kila siku uwe unasimama hapa unahutubia, hakuna atakayegusa hata jani."

Alisema kwa mapenzi, na alisema kweli. Wifi alimtazama, akaitazama njia tupu, na nikaona jambo hilo linamwingia. Mwali ulikuwa umeokoka. Umeokolewa na hotuba ambayo kwa miaka yote alikuwa akiitoa ili watu waje, wapende. Alijifunika kofia usoni akalia, akalia kama mtoto, mabega yanatikisika. Roho iliniuma sana. Nilitaka kumwambia kitu, lakini mimi ni mtu wa mzaha, na mzaha wote ulikuwa umeniishia.

"Umeachia kwenye mizizi," sauti ikasema.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya njia, panga limelala magotini.

Wifi akashusha kofia. "Mama?"

"Ulisema mizizi yake imeshikana na ya wenzake waliokufa. Halafu huyu akaja na kicheko chake. Imeshikana namna gani?"

Wifi alieleza, mwanzoni kwa kusitasita, akifuta pua kwa mkono wa sare. Alieleza mizizi, kisha maji yanavyochujwa kwenye sponji mpaka yanakuwa kijito.

"Kijito kile cha nyuma ya kanisa?"

"Hicho hicho, Mama."

"Kinacholeta maji ya bomba langu?"

"Ndiyo."

Mama alilitazama bonde kama mtu aliyeonyeshwa jiko ambalo amekuwa akila chakula chake miaka yote. "Na ukishatoa maua unakufa?"

"Unakufa. Unatoa kila ulicho nacho mara moja. Zikishika mbegu, ndio wamebaki. Zisiposhika, basi."

"Na miaka yote hii unajua haya, unakaa nayo nyumbani kwangu, hukuniambia?"

Wifi ni mtu mwenye heshima kwa mkwewe, hajawahi kumjibu vibaya, na siku hiyo pia hakumjibu vibaya. Alisema polepole:

"Nilikuambia, Mama. Mlikuwa mnanyanyuka."

Kaka alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama vyangu.

Nilimsikia Mama anavuta pumzi ndefu. "Leo nimebaki kwa sababu ya magoti," akasema. "Nilikaa hapa nipumzike nije nikate, yakagoma. Baadaye nikasahau kama ninayo."

Wifi alicheka na kulia kwa pamoja. Akaenda akanyanyua kamba kutoka kwenye tope, akaishika juu. "Njoo, Mama. Kuna mawe machache, nitakuonyesha pa kukanyaga. Wewe nitakupeleka mpaka karibu." Katika maisha yake yote ya kazi, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemsikiliza mpaka mwisho, na ningekuwa mimi ningempeleka mgongoni.

Mama alisimama, akaitazama kamba, akautazama Mwali. Niliona kabisa kwamba anataka.

"Nikipita mimi, huyu naye atataka apite," akamnyoshea kaka fimbo, "na nyuma yake wageni wake wote, kila mmoja na sababu yake nzuri. Funga kamba yako, mwanangu. Ikaze."

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Wifi alifunga fundo, na Mama akalikagua, akasema limelegea, akalifunga upya yeye.

Kesho yake Mama alitaka kiti cha jikoni kipelekwe juu. Kaka alikibeba mwenyewe, hakukumbuka kitu chochote. Kuanzia siku hiyo mpaka maua yalipokwisha, wageni waliofika bondeni walimkuta kikongwe ameketi katikati ya njia, akiwaamuru waketi chini wasikilize. Hotuba ya Mama ilikuwa na makosa mengi, ilichanganya tindikali na dawa za macho, na ilikuwa ndefu kuliko ya wifi kwa sababu ndani yake uliingia ukoo wetu wote. Hakuna aliyepita. Chumvi mwenyewe alikiri kwamba ameona kazi ya bingwa. Chumba chenye kabati kikakosa wapangaji, kaka akavisogeza vitanda pamoja akisema ni kwa ajili ya kufagia.

Mwali ulichanua kuanzia chini kwenda juu, na siku ulipofunguka wote mlima ulikuwa na ukungu, hata barabarani haukuonekana. Wifi aliuona. Mama, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, hakuuona umefunguka, si siku hiyo wala siku zilizofuata, kwa sababu kiti chake kilielekea njiani. Muda wote ule aliupa mgongo, anawatazama watu. Kisha mbegu zikapeperuka, na shina likakauka, likaanguka. Wifi anasema siku hizi kuna vichipukizi. Mimi sijavuka kamba kuhakikisha.

Jioni ile ya ukungu tulikuwa mezani wote. Mama alisukuma sahani yake pembeni, akamgeukia mkwewe.

"Haya. Nieleze maua yalikuwaje."

Wifi alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeangalia milango. Jenereta lilikuwa linakohoa nje, linataka kuzimika, na kaka hakusogea. Wifi akaanza na sponji. Nilivuta kiti changu karibu, na vyombo vikabaki kwenye karai mpaka maji yakapoa.